Chombo cha Usafiri Kichaguliwe kwa Mzigo, Si kwa Fahari

Mtu akifika Kitai, katika Wilaya ya Mbinga, haulizi njia. Njia zinajulikana: moja yaenda Songea, moja yapanda Mbinga na kuteremka hadi Mbamba Bay, na ya tatu yaelekea Ruanda na Lituhi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Linaloulizwa Kitai ni gari: gari gani lipo, lina nafasi kwa nani, na nauli yake ni kiasi gani.

Tulikaa pale njia panda siku moja ya msimu wa kahawa, tangu asubuhi hadi alasiri, na katika saa hizo chache tuliona karibu kila aina ya chombo kinachotembea katika nchi yetu. Tuliona malori ya makaa ya mawe yakifuatana kama siafu, kila moja na trela lake. Tuliona magari madogo ya Probox na Noah yaliyoshindiliwa watu hata wengine wakakaa kwenye buti pamoja na kuku. Pikipiki zilipita zikiwa zimebeba gunia la mahindi, dereva, na mama mwenye mtoto mgongoni. Yalipita pia yale magari makubwa ya fahari ambayo wananchi wameyabatiza jina la mashangingi, kila moja likiwa na dereva mbele na mtu mmoja nyuma. Pembezoni mwa lami watoto wa shule walitembea kwa miguu, wakisogea majanini kila lori lilipokaribia. Basi la abiria tuliliona mara mbili tu, na mara zote mbili lilikuwa limejaa.

Miongoni mwa waliokuwa wakingoja ilikuwamo familia moja kutoka milima ya Umatengo: mzee mkulima wa kahawa, mkewe, na kijana wao. Kahawa yao ilikuwa imekwisha kuuzwa kupitia chama cha msingi, fedha zimeingia benki, na ubishi uliokuwa umeanzia nyumbani ulikuwa haujakwisha. Familia ilitaka kununua gari. Je, gari gani?

Kijana alitaka Prado iliyokwisha kutumika Japani. Alisema, kwa adabu lakini bila kuficha, "Baba, gari la mizigo halina heshima. Tukifika benki na Prado watatuona."

Mzee akamjibu, "Mwanangu, benki hawataki kuniona mimi. Wanataka kuona marejesho."

Mama alikuwa amenyamaza muda wote. Hatimaye alisema kwamba wote wawili wanabishana juu ya kuonekana. Yeye alitaka gari ambalo likiteremka na kahawa litapanda na mbolea, na likigongewa mlango usiku kumpeleka mgonjwa hospitali, liwake.

Sisi tunasema kwamba mama yule alilieleza jambo hili vizuri kuliko semina nyingi tulizopata kuhudhuria. Ubishi wa familia ile si wa familia ile peke yake. Ni ubishi unaolihusu Taifa zima: katika ofisi za Serikali, katika vyama vya ushirika, katika makampuni ya madini, na katika nyumba ya kila mfanyakazi aliyepata mkopo wa kwanza. Chombo cha usafiri tunakichagua kwa kipimo gani? Kwa mzigo kitakaoubeba, au kwa macho ya watakaokitazama?

Hebu tuanze na fedha, kwa kuwa ndizo zinazozungumza haraka. Mnunuzi wengi wao hutazama bei ya kununulia, husahau bei ya kuendeshea. Sheria zetu za kodi hazikusahau. Ushuru wa bidhaa hupanda injini ya gari la abiria inapozidi sentimita za ujazo 1000, na hupanda tena inapozidi 2000. Gari lililopita miaka minane tangu litengenezwe huongezewa ushuru, na lililopita miaka kumi huongezewa zaidi. Kisha, tangu Julai 2017, ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na badala yake makato yakawekwa ndani ya bei ya mafuta. Maana yake ni kwamba anayechoma mafuta mengi hulipa zaidi, kila siku, kwenye kila pampu, bila kupelekewa hati ya madai. Mwaka 2023 Serikali iliongeza shilingi 100 nyingine kwa kila lita. Aliyenunua injini kubwa kwa ajili ya heshima alikuwa ametia saini mkataba asiousoma.

Kutoka Mbinga hadi Songea ni kama kilomita 100. Shangingi, kwa makisio ya madereva wenyewe, huenda kilomita nane kwa lita moja. Litakunywa lita 12 na nusu. Coaster ya watu 26, ikienda kilomita sita kwa lita, itakunywa lita 17 hivi. Tuchukue kwa mfano bei ya shilingi 3,000 kwa lita. Shangingi lenye dereva na bwana mmoja limetumia shilingi 37,500 kumfikisha bwana huyo Songea. Coaster imetumia shilingi 51,000 kuwafikisha watu 26, yaani chini ya shilingi 2,000 kwa kila mtu. Hatujahesabu matairi, wala vipuri, wala fundi. Na hatujahesabu moshi, ingawa kila lita ya dizeli ikiungua hutoa hewa ukaa karibu kilo 2.7, nayo haichagui kama imetoka kwa mheshimiwa au kwa mkulima.

Wapo watakaotuambia kwamba tunaandika haya tukiwa tumekaa juu ya lami. Hoja hiyo ina haki ya kujibiwa. Lami ya kutoka Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, ilijengwa kwa msaada wa Marekani kupitia Mfuko wa Changamoto za Milenia, katika mpango uliofikia mwisho mwaka 2013. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, ilifuata kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Lakini kahawa haioti kando ya lami. Inaota juu, kwenye miteremko ambako Wamatengo wamelima ngoro tangu enzi za mababu, wakichimba mashimo yanayoshika maji ya mvua ili udongo usiteremke mtoni. Njia za huko ni za udongo mwekundu. Masika yakikolea, Probox haiendi popote, na pikipiki yenyewe husukumwa. Gari linalozungusha magurudumu yote manne huko ni jembe la kazi, kama shoka na panga. Gari la wagonjwa la kituo cha afya cha milimani liwe la namna hiyo. La bwana shamba liwe la namna hiyo. Hatuna ugomvi nalo.

Ugomvi wetu ni na gari la namna hiyo linapolala mjini, likafunguliwa asubuhi kwenda ofisini mita mia nane, likapigwa maji mchana na kurudishwa jioni, huku bwana shamba akiomba lifti kwa bodaboda. Hapo jembe limefanywa pambo.

Na katika jambo hili wa kwanza kuulizwa ni sisi tuliopewa dhamana ya umma, maana mkulima hutumia jasho lake, nasi hutumia jasho la mkulima. Suala la mashangingi si geni. Waziri Mkuu Mizengo Pinda, aliyeshika wadhifa huo kuanzia mwaka 2008 hadi 2015, alilisema waziwazi na kutaka Serikali ipunguze magari ya gharama kubwa. Maneno yalipokewa kwa makofi. Magari yaliendelea kununuliwa. Wakubwa kwa umri watakumbuka zaidi: baada ya bei ya mafuta ghafi kupanda kiasi cha mara nne kati ya 1973 na 1974, Taifa liliingia katika miaka ya kubana mafuta, hata ikawa magari binafsi hayaruhusiwi kutembea Jumapili mchana bila kibali. Watu walinung'unika. Lakini jambo moja lilieleweka kwa kila mtu, kwamba mafuta yanayoungua katika gari la mtu mmoja ni fedha za kigeni za nchi nzima. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi mmoja wa Juni ili kuushusha mzigo huo mabegani mwa wananchi. Fedha hizo zilitoka katika mfuko ule ule unaojenga zahanati.

Tunapendekeza jambo rahisi. Kila Halmashauri inapoomba gari jipya, iandike katika ombi lake njia ambazo gari hilo litapita, idadi ya watu litakaowabeba kwa kawaida, na lita litakazotumia kwa mwaka. Si lazima kuunda kamati. Karatasi moja yatosha. Gari ambalo njia zake zote ni za lami, na abiria wake wa kawaida ni mmoja, litajieleza lenyewe kuwa halihitaji injini ya sentimita 4500.

Tumesema kwa kirefu juu ya magari ya watu. Lakini aliyekaa Kitai siku nzima hawezi kuwa mkweli akaishia hapo, kwa kuwa linaloitetemesha Kitai si Prado ya kijana yule. Ni makaa ya mawe.

Uchimbaji wa makaa ya Ngaka, katika Kata ya Ruanda, ulianza mwaka 2011. Mwaka 2016 Serikali ilizuia makaa kutoka nje ili viwanda vyetu vya saruji vitumie ya nyumbani, na baada ya vita vya Ukraine kuanza, mwaka 2022, makaa ya Ruvuma yalitafutwa hadi Ulaya, yakapakiwa melini katika bandari ya Mtwara. Haya ni mafanikio, na hatuyabezi. Vijana wamepata kazi, mama lishe wamepata wateja, Halmashauri imepata ushuru. Lakini kutoka Songea tu hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 600, na mzigo wote huo umepandishwa juu ya barabara.

Hapa pana jambo la kitaalamu ambalo kila diwani anafaa kulijua. Kati ya mwaka 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani walijenga barabara za majaribio katika jimbo la Illinois, wakazipitisha malori usiku na mchana, ili kujua uzito unaiharibuje barabara. Waliyoyagundua yamekuwa msingi wa ujenzi wa barabara duniani. Uharibifu haukui sawasawa na uzito. Ukiuzidisha uzito wa ekseli mara mbili, uharibifu haukui mara mbili. Hukua kiasi cha mara 16. Ekseli ya tani 10 ikiongezwa tani mbili tu za ujanja, uharibifu wake huongezeka maradufu. Na ukilinganisha ekseli ya tani 10 na ile ya gari dogo yenye nusu tani, hesabu hiyo hukufikisha kwenye mara 160,000. Kwa hiyo mwenye Probox anayelaumiwa kwa kumaliza barabara hana hatia. Anaweza kupita hapo maisha yake yote, na wanawe baada yake.

Ndiyo maana kuna mizani, na ndiyo maana nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana sheria ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, ikiweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Anayepita mizani kwa kumpa mtu kitu mkononi haibi fedha ya mizani peke yake. Anaiba lami ambayo mkulima wa Kitai alikuwa aitumie miaka 15 ijayo.

Lakini hata lori linalotii sheria bado ni lori, na bado linapita mlangoni mwa shule. Swali la kweli ni hili: kwa nini mzigo mzito kuliko yote katika wilaya hii upewe chombo kidogo kuliko vyote vinavyoweza kuubeba?

Tunasema kidogo kwa makusudi. Lori la tani 30 ni dogo. Julai 2017, huko Kyela, zilizinduliwa meli mbili za mizigo kwa ajili ya Ziwa Nyasa, MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ikiwa na uwezo wa kubeba tani 1,000. Meli moja ikijaa ni sawa na malori 33 na kitu. Mbili ni sawa na malori 66 yasiyopita Kitai. Mwaka 2021 ikafuata MV Mbeya II, ya abiria 200 na tani 200 za mizigo. Gati limejengwa Ndumbi, jirani na Lituhi. Ujenzi wa bandari mpya ya Mbamba Bay nao ulikuwa umeanza mwaka 2024. Ziwa halihitaji lami, halichimbwi mashimo na masika, na halina mtoto wa shule pembezoni.

Kinachokosekana ni kiungo. Barabara ya Kitai hadi Lituhi ina kilomita 84.5, na lami yake inajengwa kwa vipande. Kila kipande kikichelewa, mwenye makaa hukata shauri la kugeuza usukani kuelekea Songea, maana huko lami ipo. Hatumlaumu, mfanyabiashara hufuata njia iliyo wazi. Lakini tuseme wazi kwamba kuchelewa kwa barabara fupi kwenda ziwani ni gharama ya barabara ndefu kwenda baharini, hata kama gharama hizo mbili zinaandikwa katika vitabu viwili tofauti.

Ziwa, hata hivyo, lina mwisho wake. Makaa yanayokwenda Mbeya au Malawi yanaweza kupanda meli. Yanayokwenda Mtwara hayawezi. Kwa hayo jibu ni reli, na hadithi ya reli kusini mwa nchi hii ni ya kusikitisha. Wajerumani walikuwa na mpango wa kujenga reli kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, vita vya 1914 vikaufuta. Waingereza, kwa ajili ya mradi wao wa karanga ulioanza mwaka 1947, walijenga reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Karanga hazikustawi, mradi ukafa, reli ikafungwa mwaka 1962 na vyuma vyake kung'olewa. Reli ilijengwa kwa zao la wageni, nalo liliposhindwa hakuna aliyeuliza kama wenyeji wana mizigo. Sasa mizigo ipo. Mpango wa reli ya kisasa ya Mtwara hadi Mbamba Bay, pamoja na matawi ya kwenda Liganga na Mchuchuma, umo katika vitabu vya Serikali kwa miaka mingi, na upembuzi umekwisha kufanywa. Nchi iliyojenga TAZARA, kilomita 1,860, kati ya 1970 na 1975, kwa msaada wa marafiki zetu wa China na mbele ya dharau ya wakubwa waliosema haiwezekani, haina sababu ya kuiogopa reli ya kilomita elfu moja.

Tukiwa bado tunaingoja reli, kuna jambo lingine ambalo linatushangaza. Lori la makaa linalotoka Kitai huwasili Mtwara, mkoa wenye gesi asilia ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982. Linashusha makaa, linajaza dizeli iliyoletwa na meli kutoka ng'ambo, na kurudi. Gesi yenyewe husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, na huko ndiko hasa magari yanayoitumia yaliko. Wenye malori makubwa na Serikali wakikaa meza moja, kituo cha kujaza gesi kwa malori ya ukanda wa kusini si ndoto. Lori hutembea njia ile ile kila safari, hujaza mahali pale pale. Ni rahisi zaidi kulipangia kuliko teksi ya mjini.

Tuwarudie abiria, maana tuliwaacha njia panda.

Zamani ilikuwapo KAMATA, Kampuni ya Mabasi ya Taifa, na yalikuwapo makampuni ya uchukuzi ya mikoa. Yalikuwa na kasoro nyingi. Mabasi yalikosa vipuri, ratiba zilikuwa maandishi tu, na wapo waliolala stendi siku tatu. Hatuna haja ya kuyapamba. Lakini yalisimama juu ya wazo lililo sahihi, kwamba kijiji kina haki ya basi hata kama njia yake haileti faida siku ya kwanza. Makampuni yalipokufa, wazo nalo likazikwa, na mahali pake zikaja Noah za watu saba zinazobeba kumi na wawili, kisha pikipiki. Vijana wa bodaboda wamefanya kazi kubwa, na hapana mwenye haki ya kuwatukana. Wamefika mahali ambapo hakuna gari lililofika. Hata hivyo pikipiki si chombo cha mama mjamzito usiku wa mvua.

Hapo twende kwenye gari la yule mama. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, hutumia namba 115 bila malipo. Gari la wagonjwa likiwa mbali, dereva wa kijamii mwenye gari lake na aliyeandikishwa huitwa, naye hulipwa kwa safari hiyo. Mpango huu haukuuliza kijiji kina gari la fahari gani. Uliuliza gari gani lipo, linawaka, na dereva wake anapokea simu. Gari moja la kawaida katika kijiji, lililotunzwa, ni hazina kuliko matatu ya kifahari yaliyoko mjini.

Na kwa nini liwe la mtu mmoja? Wazee wa Ruvuma wanaijua NGOMAT, chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichokuwapo tangu wakati wa ukoloni. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, na katika kuvunjwa na kurudishwa huko mali nyingi ilipotea. Leo vyama vya msingi vya Mbinga vinakusanya kahawa na kuiuza mnadani, lakini vingi hukodi malori ya watu kuisafirisha. Wakulima 20 wa kahawa, kila mmoja akiota gari lake, wataishia na magari 20 yaliyolala miezi minane. Wakulima hao hao wakichangia Canter moja kupitia chama chao, itateremka na kahawa, itapanda na mbolea, na msimu wa mahindi ukifika itapeleka magunia kwenye vituo vya ununuzi vya hifadhi ya chakula. Faida ya kukodisha itabaki kijijini. Tunajua kwamba mali ya wote huweza kuwa mali ya mwenyekiti. Ndiyo iliyoviangusha vyama vya zamani. Dawa yake ni daftari la safari linalobandikwa ukutani, lita zilizoingia na mizigo iliyotoka, ili mwanachama yeyote asome.

Kuhusu magari ya umeme, ambayo vijana wa vyuo wanatuuliza sana, tutakuwa wafupi. Songea na Mbinga ziliwashwa kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, hadi njia kuu ya umeme kutoka Makambako ilipokamilika mwaka 2018. Kwa hiyo umeme wa gridi upo. Pikipiki na bajaji za umeme, zinazotembea safari fupi na kulala nyumbani, zinaweza kuanza kazi katika miji kama Mbinga bila kungoja mengi, mradi wauzaji wasiuze chombo bila fundi na bila betri za kubadilisha. Lori la umeme la kupanda milima ya Umatengo na tani za kahawa ni habari ya baadaye, na si vyema kumwahidi mkulima leo. Baiskeli, kwa upande mwingine, ipo tangu babu zetu, haihitaji waya wala pampu, na hakuna Halmashauri tunayoijua iliyotenga hata njia ya mita moja pembeni mwa lami kwa ajili yake. Barabara ya Kitai hadi Lituhi bado inajengwa. Kama mita hiyo itaongezwa, basi iongezwe sasa, na watoto wa shule wa Kitai wataitumia pamoja na wenye baiskeli.

Familia ya mzee yule haikuwa imekata shauri basi lilipofika saa tisa alasiri. Lilikuwa limejaa, lakini kondakta aliwabana, mama akapata kiti. Kijana alisimama mlangoni, akasema kwamba atauliza bei ya Canter, kuuliza tu.

Vikao vya bajeti vya Halmashauri za Mbinga na Nyasa hukaa kabla ya Bunge la Aprili. Waheshimiwa madiwani watapelekewa maombi ya magari, kama kila mwaka. Tunawaomba waulize maswali matatu kabla ya kupiga kura: kila gari linalombwa litapita njia gani na kubeba watu wangapi, ni tani ngapi za makaa zilizoshuka Ndumbi na ni ngapi zilizopita mlangoni mwa shule ya Kitai katika mwaka uliopita, na kijiji kipi katika kata zao hakina hata gari moja lililoandikishwa kuitikia namba 115. Majibu yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata.